Jenerali Gallieni na Doa la Mafuta: Jinsi Ufaransa Ilivyoitawala Madagaska

Mtaje Joseph Gallieni mbele ya Mfaransa wa kawaida, naye atakumbuka teksi: zile teksi za Paris zilizobeba askari kwenda vitani Septemba 1914, Wajerumani wakiwa wamefika karibu na mji. Mtaje Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska, kwa mtu aliyesoma historia ya nchi yake, atakueleza habari za tarehe 15 Oktoba 1896, siku wakuu wawili wa ufalme walipopigwa risasi. Wanaofundisha mbinu za kivita nao wana habari yao. Huyu, watasema, ndiye aliyetuliza nchi kwa soko, shule na zahanati huku akitumia bunduki kwa uchache, kwa njia inayoitwa "doa la mafuta".

Mtu ni mmoja. Taabu ya simulizi hizi ni kwamba kila moja husimuliwa kana kwamba nyingine hazikutokea, hasa ile ya tatu, ambayo imeandikwa vizuri mno na watu waliompenda. Ninavyoona mimi, soko na kikosi cha kupiga risasi zilikuwa hatua za kazi moja, na gharama za kazi hiyo walitozwa walewale waliotawaliwa. Ukilishika hilo, maisha yake yote yanafunguka, hata habari ya teksi.

Kutoka milima ya Pirenei hadi Mto Niger

Alizaliwa 24 Aprili 1849 huko Saint-Béat, mji mdogo wa milimani karibu na mpaka wa Hispania. Baba yake, mwenye asili ya Italia, alikuwa mwanajeshi, na mtoto akafuata njia hiyohiyo hadi chuo cha maofisa cha Saint-Cyr. Alihitimu Julai 1870, mwezi uleule Ufaransa ilipoingia vitani na Prussia, akapangiwa askari wa miguu wa jeshi la majini. Tarehe 1 Septemba alikuwa Bazeilles, kijiji jirani na Sedan, ambako askari hao walipigana nyumba kwa nyumba mpaka risasi zikawaishia. Akatekwa, akapelekwa Ujerumani. Huko kifungoni alijifunza Kijerumani, na daftari lake la kumbukumbu akalipa jina lililochanganya Kijerumani, Kiingereza na Kiitaliano katika mstari mmoja. Si kawaida ya luteni aliyeshindwa vita.

Kupangiwa jeshi la majini kuliamua maisha yake, kwani askari hao ndio waliopelekwa makoloni. Maofisa wa rika lake walikuwa wameaibishwa Ulaya. Cheo na sifa zilipatikana ng'ambo, mbali na macho ya wizara, mahali ambapo kapteni aliweza kuanzisha vita na Paris ikapata habari baadaye, mambo yakiwa yamekwisha. Sehemu kubwa ya Afrika Magharibi ilitwaliwa kwa mtindo huo.

Gallieni alipitia kisiwa cha Réunion kwanza, kisha Senegal kuanzia mwishoni mwa 1876. Mwaka 1880 alitumwa Segou, kwenye Mto Niger, kufanya mkataba na mtawala wake Ahmadu, mwana wa El Hadj Umar Tall. Msafara wake ulishambuliwa na Wabambara njiani, na Ahmadu hakumruhusu kuingia mjini. Alimweka katika kijiji cha Nango kwa miezi kumi hivi, akingoja, akiugua homa, akiandika. Mkataba aliorudi nao mwaka 1881 Paris haikuuridhia, lakini yeye alirudi akiwa maarufu.

Mwaka 1886 alirudishwa huko kama kamanda mkuu wa Senegal ya Juu. Alimwandama Mamadu Lamine, mwanazuoni wa Kisoninke aliyekuwa amewaamsha watu wake dhidi ya Wafaransa, na vijiji vilivyomuunga mkono vikachomwa moto. Katika kipindi hichohicho, mwaka 1887, Gallieni alianzisha vile vilivyoitwa vijiji vya uhuru. Mtumwa aliyetoroka kutoka nchi ya adui alipokelewa, akapewa karatasi na kiwanja. Jambo jema, kwa kulisikia. Ila ramani inasema zaidi: vijiji hivyo vilipangwa kando ya njia ya kupitishia shehena za jeshi, na wakazi wake ndio waliobeba mizigo na kutengeneza barabara. Aliyetoka utumwani alijikuta akiishi mlangoni mwa ngome, mkono wa kazi ukiwa karibu kila ulipohitajika. Mambo yote ya baadaye ya Gallieni yamo humo kwa udogo.

Tonkin, na jinsi doa linavyosambaa

Mbinu yenyewe ilikamilika Tonkin, kaskazini mwa Vietnam ya leo, kati ya 1892 na 1896. Milima ya mpaka wa China ilikuwa na magenge yenye silaha ambayo Wafaransa waliyaita maharamia, ingawa humo walikuwamo wanyang'anyi halisi, wafanyabiashara wa kasumba na wazalendo pia. Majeshi yalikuwa yakipeleka safu ndefu milimani, yanapiga, yanarudi, na adui anarudi nyuma yao.

Ofisa mwingine, Théophile Pennequin, alikuwa tayari amejaribu njia tofauti, na haki ni kumtaja kwa sababu sifa zake nyingi ziliishia kwa Gallieni. Unajenga ngome ndogo mahali pamoja. Unailinda njia iendayo ngome ya jirani. Unafungua soko chini ya ulinzi wako, watu wanarudi mashambani, unawagawia baadhi yao bunduki wajilinde wenyewe. Eneo likishatulia unasogeza mstari mbele, kama tone la mafuta linavyotambaa juu ya nguo. Ofisa anayepiga vita ndiye anayebaki kuwa mkuu wa wilaya, kwa hiyo, kwa hoja ya wenye mbinu hii, hatachoma kijiji leo ambacho kesho atataka kikusanye kodi. Upande wa pili wa mbinu hii uliitwa siasa ya makabila: tafuta jamii zilizokuwa zikionewa na wakubwa wao, uwape viongozi wao wenyewe, na hao watakuwa upande wako.

Tonkin ndiko Gallieni alikompata Hubert Lyautey, ofisa wa ukoo wa kimwinyi mwenye kalamu nzuri, aliyekuwa mnadhimu wake. Mwaka 1900 Lyautey aliandika makala mashuhuri juu ya kazi ya jeshi katika makoloni, na kwa kalamu yake Wafaransa wengi walimjua Gallieni kama mjenzi wa nchi.

Kuna jambo ambalo sifa hizo hulipitia juujuu, nalo ni fedha. Bunge la Paris lilipenda makoloni lakini halikupenda kuyalipia. Mwaka 1900 likapitisha sheria ya kutaka kila koloni lijitegemee kwa mapato yake. Mbinu inayotulia mahali, kuhesabu watu, kufungua soko na kukusanya kodi ilikuwa jibu la swali la mhasibu kabla ya kuwa jibu la swali la ubinadamu.

Kisiwa kilichobadilishwa kwa Zanzibar

Msomaji wa pwani yetu ana sababu ya pekee ya kuijua habari ya Madagaska, ile Bukini ya wazee. Agosti 1890 Uingereza na Ufaransa zilielewana: Ufaransa ikakubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza, na Uingereza ikakubali Madagaska iwe chini ya himaya ya Ufaransa. Sultani wa Unguja na malkia wa Antananarivo hawakuwa mezani. Visiwa viwili vilipimwa kwenye mizani moja.

Ufalme uliokabidhiwa hivyo haukuwa wa kudharauliwa. Wamerina wa nyanda za juu walikuwa wametawala sehemu kubwa ya kisiwa tangu mwanzoni mwa karne hiyo. Walikuwa na sheria zilizoandikwa, za mwaka 1881 zikiwa na vifungu 305, mashine za kuchapa, shule za misheni, na Uprotestanti ulioungwa mkono na dola tangu malkia alipobatizwa mwaka 1869. Waziri mkuu Rainilaiarivony alishika madaraka kwa miongo mitatu kwa kuoa malkia watatu, mmoja baada ya mwingine. Wakati huohuo ufalme huo ulikuwa mzito kwa raia wake: ulikuwa na watumwa wengi, wakiwamo wenye asili ya Afrika Mashariki na Msumbiji waliokuja kuitwa Wamakoa, na ulikuwa na fanompoana, kazi ya lazima kwa ajili ya serikali, bila ujira.

Mwaka 1895 Ufaransa iliteremsha Mahajanga jeshi la watu 15,000 hivi chini ya Jenerali Duchesne. Walikuja na mikokoteni ya chuma iliyohitaji barabara, na barabara haikuwapo, kwa hiyo askari wakaanza kuichimba katika mabwawa ya mbu. Waliouawa na adui hawakufika 30. Malaria na maradhi mengine yaliua zaidi ya 5,000. Mwishoni Duchesne aliwaacha wagonjwa, akachukua kikosi chepesi, akapanda hadi Antananarivo na kuupiga mizinga tarehe 30 Septemba. Malkia Ranavalona III akasalimu amri, Rainilaiarivony akahamishiwa Algiers na kufia huko mwaka 1896.

Wafaransa walidhani wameshinda. Mashambani ndiko vita vilikuwa vinaanza. Novemba 1895 watu walioitwa menalamba, kwa shuka zao zilizotiwa udongo mwekundu, waliinuka Arivonimamo, wakamuua gavana wa Kimerina na familia ya mmisionari wa Kiingereza. Huu ndio mkanganyiko ambao watu wengi huukosea. Menalamba hawakuwapinga Wafaransa peke yao. Waliwachukia pia wakubwa wa Antananarivo waliouza nchi, makanisa yaliyotumika kuandikisha watu kwa fanompoana, na dini mpya iliyosukuma kando matambiko ya mababu. Walichoma makanisa kwa mamia. Mwaka 1896 uliposonga, barabara kati ya mji mkuu na bahari hazikupitika tena bila ulinzi.

Mkuu wa serikali ya Kifaransa, Hippolyte Laroche, alikuwa raia na Mprotestanti, na maofisa wa jeshi hawakumheshimu. Paris ikakitwaa kisiwa kuwa koloni tarehe 6 Agosti 1896 na kumtuma Gallieni kuchukua mamlaka yote, ya kijeshi na ya kiraia. Siku chache kabla ya kukabidhi ofisi, Laroche alitangaza kufutwa kwa utumwa. Sifa ya tendo hilo mara nyingi hupewa mrithi wake, aliyelikuta limeshafanyika.

Oktoba 15

Gallieni alifika Septemba. Kabla ya mwezi mzima kupita tangu ashike madaraka, watu wawili walikuwa wamekufa.

Rainandriamampandry alikuwa waziri wa mambo ya ndani, mzee msomi, mwanajeshi wa zamani aliyewazuia Wafaransa wasipenye kutoka Tamatave, bandari ya pwani ya mashariki, katika vita vya 1883 hadi 1885. Mwana wa mfalme Ratsimamanga alikuwa mjomba wa malkia, mtu asiyependwa sana na raia. Walishtakiwa kuwa nyuma ya menalamba, wakapelekwa mbele ya baraza la kijeshi, wakahukumiwa na kupigwa risasi tarehe 15 Oktoba. Wanahistoria waliochambua nyaraka baadaye hawakupata ushahidi kwamba waliongoza uasi huo. Na kwa kweli ni ajabu kufikiri kwamba watu waliochoma makanisa walikuwa wakiongozwa na waziri Mkristo. Mmoja alitoka tabaka la wana wa wafalme, mwingine tabaka la watu huru, wale walioshika serikali. Kila upande wa wakubwa wa mji ulipata maiti yake.

Mimi siwezi kukiita kitendo hicho kosa la mtu mwenye haraka. Gallieni alikuwa akizungumza na mji, na mji ulimwelewa. Tarehe 28 Februari 1897 alifuta ufalme wenyewe. Ranavalona alikwisha kutolewa mjini usiku kwa machela, akateremshwa hadi pwani, akapelekwa Réunion na mwaka 1899 Algiers, ambako alifariki Mei 1917. Masalia yake yalirudishwa nyumbani mwaka 1938. Wiki chache baada ya kumwondoa malkia, Gallieni aliamuru mabaki ya wafalme waliozikwa Ambohimanga, mji mtakatifu wa Wamerina, yahamishiwe kwenye jumba la kifalme la Antananarivo, na jumba hilo likageuzwa makumbusho. Mahali ambapo waasi wangeweza kuapa kwa mababu pakabaki patupu.

Hapo ndipo doa la mafuta lilipoanza kutambaa. Kisiwa kiligawanywa katika maeneo ya kijeshi, ngome zikajengwa kwa duara kuuzunguka mji mkuu na kusogezwa nje hatua kwa hatua, mashamba ya mpunga yakalindwa, waliojisalimisha wakapokelewa. Rabezavana, kiongozi mkubwa wa menalamba wa kaskazini, alijisalimisha mwaka 1897. Njaa ilisaidia kuliko masoko. Wakulima waliokaa msituni misimu miwili hawakuwa na mpunga. Mwezi Mei 1898 Gallieni alitoa maagizo ambayo bado yananukuliwa: kwamba kazi ya kisiasa ina uzito kuliko kazi ya bunduki, na kwamba ofisa lazima ajue nchi na watu wake. Alimaanisha alichosema. Ni kwamba alikisema baada ya kupiga risasi, na si kabla.

Ambiky

Upande wa magharibi mbinu hii ilivunjika kabisa. Wasakalava wa Menabe hawakuwa raia watiifu wa Wamerina. Walikuwa watu wa bahari na ng'ombe, ambao mababu zao walishirikiana na Wabetsimisaraka kwenda Komoro kwa mitumbwi kuteka watu, na vitisho vyao vilifika hadi pwani ya Mafia na Kilwa. Kwa hesabu za siasa ya makabila, hawa ndio walipaswa kuwapokea Wafaransa kwa furaha kama wakombozi wao.

Usiku wa kuamkia 30 Agosti 1897 kikosi cha Kamanda Augustin Gérard, mnadhimu wa Gallieni, kilikizingira kijiji cha Ambiky, makao ya Mfalme Toera, ambaye alikuwa katika mazungumzo ya kujisalimisha. Kilishambulia alfajiri. Toera aliuawa pamoja na watu wake wengi. Idadi ya waliokufa ilibishaniwa hata bungeni Paris, wapinga ukoloni wakitaja maelfu na jeshi likikana. Matokeo yake hayabishaniwi: Wasakalava ambao wangeweza kununuliwa kwa mazungumzo waliingia msituni, na Menabe ikaendelea kupigana kwa takriban miaka mitano. Gérard hakuadhibiwa. Alikuja kuwa jenerali na kuongoza jeshi zima katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Na huko kwingine siasa ya makabila ilikwama kwa sababu ya kawaida kabisa. Serikali ilitaka kuwaondoa magavana wa Kimerina pwani, lakini ilihitaji makarani wanaojua kusoma, kuandika na kuhesabu, na waliosoma walikuwa Wamerina. Wakaondolewa kwa mlango wa mbele wakarudi kwa mlango wa nyuma wakiwa wakalimani na makarani wa kodi. Kilichobaki ni orodha za makabila zilizoandikwa na maofisa, kila moja na mpaka wake kwenye ramani, na uchungu kati ya watu wa nyanda za juu na watu wa pwani, ambao haukuanzishwa na Gallieni lakini alioupa ofisi na mihuri.

Shokoa na kodi

Mwezi uleule wa Oktoba 1896 Gallieni alitoa amri kwamba kila mwanamume mzima atoe siku 50 za kazi kwa mwaka kwa ajili ya serikali. Fanompoana, ile kazi ya lazima ambayo ilikuwa moja ya sababu za watu kuasi, ikarudi ikiwa na jina la Kifaransa. Kwa mikono hiyo ilijengwa barabara ya Tamatave hadi Antananarivo, njia ambayo zamani mizigo yote ilipanda kwa mabega ya wapagazi. Waliokuwa watumwa hadi Septemba sasa walikuwa huru, na kama watu huru waliingia kwenye orodha ya shokoa, hiyo kazi ya lazima.

Shokoa ilikuwa na hasara nyingi: vifo makambini, watu kutoroka, walowezi kugombea vibarua, mashamba kulala. Mwishoni mwa 1900 ilifutwa na kodi ya kichwa ikaongezwa badala yake. Gallieni aliitetea kodi kama kitu cha kufundisha maadili: anayedaiwa fedha atalazimika kufanya kazi ya ujira, na kazi itamstaarabisha. Wasomaji wa Afrika Mashariki watalitambua wazo hilo bila msaada, maana Wajerumani wa Tanganyika na Waingereza wa Kenya walilihubiri kwa miaka hiyohiyo.

Ni lazima pia kusema alichojenga. Alianzisha chuo cha kufundisha madaktari Wamalagasi mjini Antananarivo mwishoni mwa 1896, na huduma ya tiba kwa wananchi ambayo makoloni mengine yaliiga. Shule za serikali zisizofungamana na misheni zilianza zama zake. Mwaka 1902 aliunda Akademia ya Malagasi ya kuchunguza lugha, desturi na viumbe vya kisiwa, nayo ipo hadi leo. Ujenzi wa reli ya kwenda pwani ya mashariki ulianza mwaka 1901, ukamfikia mrithi wake mkononi. Huko Antsiranana, iliyoitwa Diego-Suarez, aliyemjengea ngome za bandari alikuwa ofisa mhandisi mtulivu, Joseph Joffre. Mshike huyo.

Miaka minane baada ya kazi kuanza, Gallieni alikuwa ameshaitangaza nchi kuwa tulivu. Novemba 1904 kusini-mashariki, mkoa wa Farafangana, wakaguzi na wakusanya kodi walianza kuuawa. Kiongozi mmoja, Kotavy, alikuwa koplo wa mgambo wa serikali aliyehama na silaha. Watu walilalamikia kodi iliyopandishwa na maofisa waliowatumikisha na kuwapiga. Uasi ulienea kwa miezi kadhaa na kuzimwa mwaka 1905, mwaka ambao Gallieni aliondoka kisiwani, na ambao ng'ambo ya maji, Umatumbi, watu waling'oa pamba ya Wajerumani na vita vya Majimaji vikaanza. Hakuna aliyewasiliana na mwenzake. Hawakuhitaji.

Mita ya teksi

Alirudi Ufaransa akiwa jenerali mwenye heshima. Mwaka 1911 alipendekezwa kuongoza jeshi lote akakataa, akamtaja Joffre. Agosti 1914, akiwa amestaafu na mgonjwa, alifanywa gavana wa kijeshi wa Paris, na sasa Joffre alikuwa mkubwa wake. Joffre hakupenda kumwona makao makuu.

Serikali ilipokimbilia Bordeaux, Gallieni alitoa tangazo fupi la Septemba 3: amepewa jukumu la kuilinda Paris, naye atalitimiza hadi mwisho. Siku hiyohiyo marubani waliona kwamba jeshi la Kijerumani la Jenerali von Kluck limegeuka, likiuacha ubavu wake wazi upande wa Paris. Gallieni alimshinikiza Joffre kwa simu mpaka amri ya kushambulia ikatoka. Usiku wa 6 kuamkia 7 Septemba teksi 600 hivi zilikusanywa kupeleka askari elfu kadhaa kwenye mapigano ya Mto Marne, na madereva wakalipwa kwa mujibu wa mita. Kijeshi mchango wa teksi ulikuwa mdogo. Askari wengi walikwenda kwa treni. Lakini ukimtazama mtu huyu kutoka Antananarivo, teksi hazishangazi. Ni yuleyule aliyezoea kukishika kitu chochote kilicho karibu, mkokoteni, mpagazi, karani, dereva, akakiweka kwenye mstari wa kazi. Tofauti ni kwamba wenye teksi walilipwa.

Ugomvi wa nani alishinda Marne, yeye au Joffre, uliendelea miaka mingi na unachosha. Gallieni alikuwa waziri wa vita kuanzia Oktoba 1915, akajiuzulu Machi 1916, akafariki 27 Mei mwaka huo baada ya upasuaji. Mwaka 1921 alipewa cheo cha marshali baada ya kufa.

Mbinu yake ilimpita umri. Lyautey aliipeleka Morocco. Mwaka 2005, Wamarekani walipokuwa wakibishana jinsi ya kutoka kwenye matope ya Iraki, doa la mafuta likapendekezwa tena kwa jina hilohilo, na mjadala huo haukusumbuka sana na Ambiky wala shokoa ya siku 50. Wanaoiazima huchukua maagizo ya Mei 1898 na kuacha miezi 20 iliyoyatangulia.

Madagaska kwenyewe hesabu zinaendelea kwa njia nyingine. Baada ya Ambiky, mafuvu yalipelekwa Paris na kuwekwa katika makumbusho ya taifa ya historia ya viumbe. Agosti 2025 Ufaransa ilikabidhi mafuvu matatu ya Wasakalava, moja likidhaniwa kuwa la Mfalme Toera. Kamati ya wataalamu wa nchi zote mbili ilithibitisha kwamba ni ya Wasakalava, na kuhusu Toera ikabaki kwenye dhana. Yalikuwa mabaki ya kwanza ya watu kurudishwa chini ya sheria ambayo Ufaransa iliipitisha mwaka 2023, na yalizikwa Menabe miaka 128 baada ya Gérard kukizingira kijiji.